Pune, Muscat, Berlin: watu wa kwetu walionitangulia

Nikirudi Lindi likizo huulizwa mambo mawili: kule watu wanakula nini, na baridi yake ikoje. Yote mawili nayajibu kwa raha, maana nimeishi India, Oman na Ujerumani, na kote huko nimepanga vyumba, nimeugua, nimepika na nimekaa kwenye foleni za vibali. Jambo ambalo haulizi mtu ndilo ningependa kulisema zaidi. Kila nchi niliyokwenda nilikuta watu wa upande wetu wa Afrika wamenitangulia, wengine kwa miaka mia, wengine kwa karne nne. Kuna waliofikishwa kwa pingu. Kuna waliokimbia. Kuna waliokwenda wenyewe kudai haki zao. Mimi nimesoma msingi na sekondari mkoani Lindi, historia nikaifaulu vizuri, na habari za watu hao sikuzisikia darasani hata siku moja.

Naandika kwa ajili ya vijana wanaofungasha mwaka huu. Watu watawapa ushauri wa viza, wa chanjo, wa kubadilisha pesa, na ushauri huo ni wa maana. Lakini kuna unyonge unaomwingia mtu ugenini, ule wa kujiona umeingia mahali ambapo watu wa aina yako hawajawahi kukanyaga, na kwamba kila unachofanya unapimwa wewe peke yako kwa niaba ya bara zima. Kwangu mimi unyonge huo ulipungua kidogo kidogo, kila nilipomjua mmoja wa waliotangulia.

Nilianzia Pune, India, kusomea famasia. Wakati ule mji ule ulikuwa na wanafunzi wengi wa Kitanzania, Kikenya na Kisudani, kwa sababu ada ilikuwa nafuu na masomo yalikuwa kwa Kiingereza. Ukifika unajiandikisha kwanza kitengo cha wageni cha polisi, na muda uliowekwa ni siku 14. Hilo lilikuwa jepesi. Chumba ndicho kilichonitoa jasho. Dalali alikuwa akinipeleka kwenye nyumba aliyokwisha kukubaliana na mwenyewe kwa simu. Mlango unafunguliwa, mwenye nyumba ananitazama, na papo hapo chumba kinakuwa kimechukuliwa na mtu mwingine asubuhi ileile. Hali ikaendelea hivyo hadi dalali akaamua kusema mapema, "Mpangaji ni Mwafrika," ili tusipoteze nauli ya bajaji. (Bajaji zenyewe, hizihizi zilizojaa Dar es Salaam, kampuni yake makao makuu yako Pune.)

Aliyenipokea alikuwa mama mmoja mjane wa Kimarathi, nyuma ya Fergusson College Road. Tulimwita Aai, jina ambalo Wamarathi humwitia mama. Masharti yake yalikuwa wazi: nyama isiingie jikoni, mgeni wa kiume asipande ngazi, geti linafungwa saa nne usiku. Jioni moja vidole vyake vilikuwa vimevimba kwa maumivu ya viungo na unga alikuwa ameshaukanda. Nikamwomba aniachie. Nikakata madonge, nikasukuma, na kwa mazoea ya nyumbani nikapaka mafuta, nikaviringisha, nikazungusha kama konokono, nikasukuma tena. Chapati zake yeye zilikuwa nyembamba na kavu, zinafutuka zikigusa moto. Zangu zikatoka na matabaka. Akazifunua moja moja kwa kidole akizichunguza.

"Nani kakufundisha?"

"Bibi yangu."

"Na bibi yako alifundishwa na nani?"

Nikamweleza kuhusu Lindi mjini, kuhusu maduka ya Wahindi yaliyokuwepo tangu kabla bibi hajazaliwa, vitambaa, viungo, na nyumba zao ambazo nyingine bado zimesimama. Hakuwa amewahi kusikia. Alidhani Wahindi walikwenda Uingereza na Marekani tu. Kuanzia siku ile majirani wakija aliwaeleza kwamba kwetu kuna Wahindi wengi na kwamba tunakula chapati, na kwa namna fulani hilo lilinihalalisha mtaani kuliko barua yoyote ya chuo.

Ni yeye pia aliyenitajia Janjira. Alisema kusini mwa Mumbai kuna ngome katikati ya maji, na waliokuwa wafalme wake ni "watu kama nyie". Nikaenda na wenzangu wawili kipindi cha likizo. Kutoka kijiji cha Rajapuri unavuka kwa boti ya tanga, na kuta za mawe zinainuka moja kwa moja kutoka baharini, huoni mlango mpaka ufike karibu sana. Watawala wake walikuwa Masidi, Waafrika ambao wengi wa wahenga wao waliletwa India kama watumwa, askari na mabaharia. Shivaji, shujaa mkubwa kuliko wote wa Wamarathi, aliishambulia ngome ile asiipate. Mwanawe Sambhaji naye akajaribu, akashindwa. Utawala wa Masidi wa Janjira uliendelea mpaka 1948, India ilipokwisha kupata uhuru. Mwongoza boti alituangalia sisi watatu, akaacha kuhutubia wageni wengine, akatueleza sisi.

Baada ya hapo nikaanza kutafuta. Nikamkuta Malik Ambar, Mhabeshi aliyezaliwa karibu mwaka 1548, akauzwa utumwani, akapita mikono ya mabwana kadhaa hadi akafika nyanda za Dekani, India. Huko akaja kuwa waziri mkuu na jemadari wa usultani wa Ahmadnagar, akajenga mji wa Khadki, ambao baadaye uliitwa Aurangabad, na akawazuia wafalme wa Mughal, dola kubwa ya India ya wakati ule, kwa miaka mingi. Jahangir, mfalme wa Mughal, alimchukia kiasi cha kujichoresha picha akikipiga mshale kichwa cha Ambar, kwa kuwa vitani hakumpata. Ambar alikufa 1626 akiwa mzee. Kaburi lake liko Khuldabad, lina kuba, na watu wanalizuru.

Na nilipofika Ahmedabad, baada ya kuuona msikiti wa Sidi Saiyyed wenye madirisha ya mawe yaliyotobolewa kwa umbo la mti, nikapata kuona ngoma ya Masidi wa Gujarat. Wanaiita goma. Wanaume walitoka wamevaa manyoya ya tausi, wakarusha nazi juu na kuzipasua kwa vichwa. Nilichotazama mimi ni mpigaji wa ngoma ndefu yenye miguu, mzee mwenye sura ambayo ningeweza kuikuta soko la Lindi. Tulipozungumza kwa Kihindi changu cha kubabaisha, alisema wazee wao walitoka Afrika. Afrika wapi? Hakujua. Nikamtajia Kilwa, Lindi, Unguja, Mombasa. Alizirudia polepole, jina kwa jina, kisha akaniomba nizitaje tena ili mjukuu wake azisikie.

Dubai nilipita, nikafanya kazi duka la dawa, nikalipwa, nikaondoka. Sina la kuongeza.

Muscat ndiko nilikokaa kwa moyo wangu wote, na ndiko kulikoniumiza zaidi. Baada ya mitihani ya wizara nilipata kazi ya ufamasia Al Khuwair. Siku za mwanzo mzee mmoja wa Kiomani, kanzu nyeupe na kofia ya kudarizi, alisimama mbele ya kaunta, akanitazama usoni, akasema kwa Kiswahili safi kabisa, "Dawa ya kifua ya watoto mnayo, mwanangu?" Alisema kama vile tuko Darajani. Waliokuwepo dukani hawakushtuka. Walioshtuka ni mimi na Mfilipino niliyefanya naye kazi.

Ukiishi Muscat unazoea. Unakisikia Kiswahili benki, hospitalini, kwenye foleni ya mishikaki usiku. Wengi wa wanaokizungumza ni familia zilizoishi Zanzibar na pwani, zikatawanyika baada ya mapinduzi ya Januari 12, 1964. Hawakupokelewa mara moja Oman. Sultan aliyekuwapo, Said bin Taimur, alikuwa amefunga nchi, hivyo wengi walitangatanga Dubai, Kuwait, Misri. Mwanawe, Qaboos, aliposhika madaraka Julai 23, 1970, aliwaita Waomani waliokuwa nje warudi kujenga nchi. Wazanzibari wale walikuwa na elimu, wanajua Kiingereza, wakajaza wizara, shule na ofisi za mafuta. Wenzao waliobaki Oman waliwaita "Zinjibari", na haikuwa sifa kila mara, kwa kuwa wengine walifika Kiarabu hawakijui.

Nilipata bibi huko. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo alivyotaka nimwite. Alikuja kuchukua dawa za presha, akauliza kwetu wapi, nikasema Lindi, akasema baba yake alikuwa na duka Mikindani kabla ya kuhamia Malindi, Unguja. "Ijumaa uje nyumbani, usile mikate ya dukani." Kwake Al Khoud Ijumaa kulikuwa na mandazi, mbaazi za nazi na samaki wa kupaka. Kahawa nayo ikaja kwa adabu ya Kiomani, kikombe kidogo kisicho na mkono, na mjukuu anakujazia bila kuchoka mpaka ukitikise kuashiria umetosheka. Bibi alikuwa akishona kofia za vitobo kwa mkono, sindano inakwenda huku anazungumza. Kiswahili chake kilikuwa kile cha Unguja ya zamani. Aliniuliza habari za Forodhani na Mnazi Mmoja, nikampa nilizokuwa nazo, chache, kwani Unguja nilikuwa nimeitembelea tu.

Mimi ni mtu wa Lindi. Bibi yangu mzaa mama ni Myao, na kwetu inajulikana wazi kwamba misafara ya kutoka Ziwa Nyasa ilishukia Kilwa na Lindi, na waliofungwa kwenye misafara ile walikuwa watu. Nilikula kwenye nyumba ile Ijumaa nyingi kabla sijathubutu kuuliza. Siku moja nikamwuliza kama familia yao ilikuwa na watumwa. Wajukuu walinyamaza. Yeye hakuacha kushona.

"Walikuwepo. Wazee wakiwaita watu wa nyumba, lakini walikuwa watumwa, sikufichi. Bibi yangu mimi alilelewa nao, akala mikononi mwao. Na sisi tulivyotolewa mbio kule, waliotuficha ndani mwao ni wajukuu wa watu wale wale."

Hakuomba radhi, hakujitetea. Aliposema vile nilimheshimu zaidi, na nikaendelea kwenda. Najua wapo watakaosoma hapa wakasema nilikuwa mwepesi wa kusamehe. Sikusamehe lolote, sina mamlaka ya kusamehe kwa niaba ya waliofungwa minyororo. Nilikula na bibi mmoja aliyesema kweli mbele ya wajukuu zake, na hilo kwangu lina uzito. Nimeona familia nyingi, za kwao na za kwetu pia, ambako swali kama lile hujibiwa kwa kubadilisha mazungumzo.

Oman ilifuta utumwa rasmi mwaka uleule wa 1970. Sasa nisikilize kuhusu Ruwi.

Ruwi ni upande wa mji wenye maduka ya kutuma pesa, na siku ya mshahara wageni wote wa Muscat hukutana pale: Wahindi, Wabangladeshi, Wapakistani, na sisi. Kwenye foleni alikuwa dada mmoja wa Kitanzania, mdogo kuliko mimi, amesindikizwa na dereva wa mwajiri wake aliyekuwa akimsubiri mlangoni. Alinisikia nikiongea na simu, akanisogelea, akanong'ona haraka haraka. Alitaka nimsomee karatasi. Ulikuwa mkataba wa Kiarabu na Kiingereza aliousaini bila kusomewa. Mshahara ulioandikwa ulikuwa mdogo kuliko alioahidiwa na wakala kijijini, na hata huo miezi kadhaa hakuwa ameupata wote. Pasipoti alikuwa nayo mwajiri. Siku ya mapumziko hakuwa nayo. Alilala chumba cha kufulia nguo. Nilimwandikia namba yangu kwenye risiti akaikunja ikawa ndogo kama punje ya mahindi, akaiweka ndani ya kilemba.

Wafanyakazi wa ndani wanaotoka Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko huingia Ghuba chini ya mfumo wa kafala: kibali chako cha kuishi kinamtegemea mwajiri, yaani kafili. Ukitoka nyumbani kwake bila idhini yake unahesabiwa mtoro, na wewe ndiye unayevunja sheria. Wapo waajiri wema, nimewaona, wanaowapeleka mabinti wa kazi Makka na kuwasomeshea watoto. Lakini mfumo unaomtegemeza mtu kwa wema wa mwenye nyumba ni mfumo mbaya, hata siku ambayo mwenye nyumba ni mwema. Dada yule alinipigia usiku mmoja. Kina mama wa Kitanzania tuliokuwa tukikutana Muscat tulichanga nauli, bibi wa Al Khoud akampigia simu mzee anayemfahamu ambaye anamfahamu mwajiri, na ikawa hivyo, kwa kujuana, pasipoti ikatoka. Alirudi nyumbani. Sehemu ya mshahara wake hadi leo hajaipata, na ananiandikia kila mwaka mpya kunijulia hali, bila kuitaja.

Salalah naitaja kwa kifupi kwa sababu inastahili furaha yake yenyewe. Iko kusini kabisa, mkoa wa Dhofar, kilomita kama 1,000 kutoka Muscat, na kuanzia Juni hadi Septemba hupata manyunyu ya msimu wanaouita khareef. Wakati Muscat inaungua kwa joto la nyuzi 45, Salalah milima ni ya kijani na ukungu umeshuka hadi barabarani. Kando ya barabara kuna vibanda vya madafu, ndizi na mapapai. Niliagiza dafu, muuzaji akalikata kwa panga mapigo matatu, nikalinywa nikiwa nimesimama, na kwa mara ya kwanza tangu niondoke nyumbani nikalia, hadharani, kwa raha tu.

Kisha Berlin.

Nilikwenda kwa ufadhili kusoma afya ya umma. Tena siku 14 za kujiandikisha, safari hii manispaa, na jina lako lazima libandikwe kwenye sanduku la barua, la sivyo barua zako zinarudi zilikotoka na maisha yanasimama, maana Ujerumani inaendeshwa kwa barua. Chupa ya plastiki ina thamani ya senti 25 ukiirudisha dukani. Jumapili hutoboi ukuta wala huwashi mashine ya kelele. Desemba saa kumi kasoro jioni jua limeshazama, na hilo ndilo lililonisumbua kuliko baridi. Baridi unaivalia. Giza la mchana unalibeba.

Nilikuwa nikijua tangu utoto habari za mijusi ya Tendaguru, kilima cha mkoani kwetu. Kila mtoto wa Lindi anazisikia: kwamba kulikuwa na mijusi mikubwa kuliko nyumba, na kwamba Wajerumani waliichukua mifupa. Mjomba wangu alikuwa akisema wazee waliibeba vichwani hadi bandarini, na sisi tukidhani ni hadithi za kulalia. Jumamosi moja ya Januari nilishuka kituo cha Naturkundemuseum, yaani makumbusho ya viumbe asilia, nikakata tiketi, nikasukuma mlango wa ukumbi.

Mjusi mmoja anasimama katikati pale. Urefu wake kwenda juu ni mita 13.27, mifupa ya dinosaria mirefu kwenda juu kuliko yote iliyosimamishwa katika jumba la makumbusho duniani. Shingo inapanda, inapanda, unarudisha kichwa nyuma mpaka kofia inadondoka. Watoto wa Kijerumani walikuwa wakikimbia chini ya mbavu zake. Nilitafuta neno Lindi kwenye maelezo, nikalikuta, nikasimama mbele yake muda mrefu kuliko niliosimama mbele ya mifupa.

Mwaka 1906 mhandisi mmoja, Bernhard Wilhelm Sattler, aliripoti kuona mifupa mikubwa karibu na kilima cha Tendaguru. Kuanzia 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin yakaendesha uchimbaji, kwanza chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, kisha Hans Reck. Hao waliandika na kusimamia. Waliochimba walikuwa watu wetu, mamia yao, chini ya msimamizi aliyeitwa Boheti bin Amrani, ambaye mikono yake iliiandaa mifupa ile mmoja mmoja isivunjike. Na waliobeba ni wapagazi, siku nne njiani hadi Lindi, safari juu ya safari, mpaka zaidi ya tani 200 zikapakiwa melini. Fikiria pia ni mwaka gani. Majimaji ilikuwa imemalizika 1907. Wajerumani walikuwa wamechoma mashamba na maghala, na makadirio ya wanahistoria kuhusu waliokufa yanafika watu 300,000, wengi wao kwa njaa. Waliojitokeza kuchimba na kubeba walikuwa wanatoka ndani ya njaa ile. Kazi ya Tendaguru ilikuwa na ujira, na mtu aliyezika watoto wake miaka miwili iliyopita haulizi mifupa ni ya nini.

Mnyama yule anaitwa Giraffatitan brancai, kwa heshima ya Wilhelm von Branca, aliyekuwa mkurugenzi wa makumbusho. Ilipita karibu karne nzima, hadi 2007, ndipo dinosaria mwingine wa Tendaguru alipoitwa Australodocus bohetii, kwa heshima ya Boheti. Nilipolijua hilo nilimpigia mjomba. Nikamwambia yupo mtu wa upande wetu ambaye jina lake limo kwenye sayansi, na litabaki humo. Akaniambia nilitamke tena, akalirudia vibaya, nikalitamka, akaandika.

Nyumbani watu wanataka mijusi irudi, na wabunge wamelipeleka suala hilo bungeni zaidi ya mara moja. Nimeulizwa msimamo wangu mara nyingi. Naamini mali ile ni yetu, na kwamba fedha na elimu zinazotokana nayo zinapaswa kufika Lindi. Mtoto wa Tendaguru astahili kusimama chini ya shingo ile kama mtoto wa Berlin anavyosimama. Kama ni mifupa yenyewe au nakala yake ya plasta, wataalamu na wajadiliane, lakini mjadala uanzie Lindi, na majina ya waliobeba yatafutwe kwa bidii ileile iliyotumika kutafuta mifupa.

Mtu wa mwisho niliyemkuta Berlin ananiuma mpaka leo. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, jina lake Mahjub bin Adam Mohamed. Ujerumani walimjua kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta mtoto, akaingizwa askari wa Wajerumani pamoja na baba yake. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mshahara, wake na wa baba yake, ambao haukuwa umelipwa. Wakamkatalia. Akabaki. Akawa mhudumu wa mgahawa, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akaigiza kwenye filamu, akaoa mwanamke wa Kijerumani. Mwaka 1941 Wanazi walimkamata kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke mweupe, wakampeleka kambi ya Sachsenhausen. Alifia humo Novemba 24, 1944.

Mbele ya nyumba aliyoishi kuna kipande cha shaba cha sentimita kumi kwa kumi, kimepandwa kwenye njia ya waendao kwa miguu tangu 2007. Nilichuchumaa nikakisoma mvua ikinyesha. Nikamkumbuka yule dada wa Ruwi na mshahara wake. Mtu anatoka kwao, anafanya kazi aliyoagizwa, anadai ujira wake, na anaambiwa hana haki: 1929 Berlin, na juzi tu Muscat. Nilikaa pale mpaka magoti yakaniuma, nikamsomea Fatiha, kwa kuwa alikuwa Mwislamu na sikujua kama kuna mwingine aliyemsomea siku ile.

Mambo yanabadilika, na niyaseme pia. Novemba 1, 2023 rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea na kuomba msamaha kwa yaliyotendwa wakati wa Majimaji. Huko Wedding, kaskazini mwa Berlin, kuna eneo la mitaa yenye majina ya Afrika: Sansibarstraße, Usambarastraße, Ugandastraße. Mmoja wao, Petersallee, ulipewa jina mwaka 1939 kumtukuza Carl Peters, yule ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Baada ya miaka mingi ya kudai, wakiongoza Waafrika na Wajerumani weusi wanaoishi pale, Agosti 2024 mtaa ule ulibadilishwa jina, na sehemu yake moja sasa inaitwa Maji-Maji-Allee.

Ukifika Berlin, iwe kwa masomo au kupita tu, tenga mchana mmoja. Panda treni ya U8, ushuke Rosenthaler Platz, ufuate Brunnenstraße hadi namba 193 na uangalie chini. Kisha endelea kupanda hadi Invalidenstraße, pinda kushoto na unyooke. Makumbusho ni namba 43, upande wa kulia, na kwa miguu haizidi nusu saa. Jumatatu hufungwa. Ukitoka pale, kituo cha U6 kiko jirani. Chukua treni ya kwenda kaskazini, ushuke Rehberge au Afrikanische Straße, na uulize Maji-Maji-Allee. Maduka ya Kiafrika ya Müllerstraße yako njiani, na muhogo upo.